Lugha Isiyo na Soko

Ikiwa lugha haimpi mtu kazi, haimpi cheo, wala haimsaidii kununua na kuuza, je, ipo sababu ya kumfanya mwenye akili timamu ajitaabishe kujifunza? Swali hili si la mzaha. Wewe msomaji kijana, ambaye siku zako zimegawanywa na kengele, na ambaye mtihani unakungoja mwisho wa mwaka, una haki ya kuuliza kila saa yako inatumika kwa faida gani. Nami sitakujibu kwa maneno matamu yasiyo na uzito. Nitaliweka swali mbele yako kwa mfano ulio karibu na kwetu, kisha tulipime pamoja, upande huu na upande huu.

Timau ni mji mdogo ulioko kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, kando ya barabara itokayo Nanyuki kwenda Meru na Isiolo. Kuuzunguka mji yamo mashamba ya ngano, ya shayiri na ya viazi; na ukitazama kaskazini waona nchi ikishuka na kukauka, mpaka macho yapotelee katika nyanda za mbali. Siku ya soko, masikio ya mtu hupata karamu. Mama anayeuza viazi husema Kimeru, ambacho ni ndugu wa Kiswahili, kwani zote mbili ni lugha za Kibantu. Mwenye kuleta mbuzi husema Kimaasai au Kiturkana, lugha za jamii ya Kinailoti. Mfanyabiashara aliyepanda kutoka Isiolo husema Kisomali au Kiborana, lugha za jamii ya Kikushi. Hivyo nyumba tatu kubwa za lugha za Afrika hukutana penye fungu moja la viazi, na Kiswahili huwa mwamuzi kati yao.

Lakini iko lugha moja ya ujirani huu ambayo hutaisikia sokoni, hata ukikaa tangu asubuhi hadi jioni. Upande wa kaskazini, mahali nchi inapoanza kuwa kavu, uko msitu wa Mukogodo katika Laikipia, wenye ukubwa upatao hekta 30,000. Ni msitu wa mierezi na mizeituni ya mwitu, wenye majabali na mapango. Humo waliishi Wayaaku, ambao watu wengi huwaita kwa jina la msitu wenyewe, Wamukogodo. Waliwinda wanyama, waliokota matunda na mizizi, na zaidi ya yote walifuga nyuki katika mizinga. Lugha yao, Kiyaaku, ni ya jamii ya Kikushi, ukoo mmoja na Kisomali na Kiborana, ingawa tangu zamani ilitengana nazo. Mtu wa Timau aliyepanda juu kidogo ya mji aliweza kuiona milima ambamo lugha hiyo ilizungumzwa. Leo aweza kuiona milima, lakini lugha haisikii.

Yafaa kueleza jinsi jambo hili lilivyotokea, maana hukumu isiyotanguliwa na habari ni dhuluma. Lugha hii haikuuawa kwa upanga, wala hakuna mfalme aliyetoa amri ikomeshwe. Kwa mkataba wa mwaka 1911, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamaasai wa Laikipia ili nchi yao wapewe walowezi. Wayaaku walibaki katika milima yao, na katika miaka iliyofuata vikundi vingine vya wasema Kimaasai vikakusanywa katika eneo lile lile la Mukogodo. Basi Wayaaku wakajikuta majirani wa karibu wa watu wenye mifugo, na hapo ndipo maisha yao yalipogeuka.

Mgeuko huo ulipitia mlango wa ndoa. Zamani kijana Myaaku alitoa mahari ya mizinga ya nyuki. Majirani wenye mifugo walipokuja kuposa, walitoa ng'ombe, kondoo na mbuzi. Baba aliyewekewa mbele yake mzinga mmoja na ng'ombe mmoja hakuhitaji kufikiri usiku kucha. Kijana Myaaku naye akaona kwamba asipopata mifugo hatapata mke. Akaitafuta mifugo, na mifugo ilipokuja, ilikuja pamoja na desturi zake, nyimbo zake, na lugha yake. Katika miaka ya 1920 na 1930 watu waliacha mapango wakajenga maboma, wakaacha kuwinda wakachunga, na wakaacha kuwasemesha watoto wao kwa Kiyaaku wakawasemesha kwa Kimaasai. Kizazi kimoja kilitosha kuikata kamba iliyosokotwa kwa karne nyingi.

Pamoja na ng'ombe, lilikuwapo neno moja. Wamaasai walimwita mtu asiye na ng'ombe kwa jina ambalo kwa Kiswahili limekuwa Mndorobo. Neno hilo lilikuwa na maana ya umaskini, na umaskini ulikuwa na harufu ya dharau. Mtu aliyesema Kiyaaku alijitangaza kuwa Mndorobo kila alipofungua kinywa. Fikiri, ndugu msomaji, ni mzigo gani huo, mtu kudharauliwa si kwa neno baya alilolisema, bali kwa lugha aliyolisemea neno jema!

Sasa turudi katika swali letu. Mtu aweza kusema: "Wayaaku wenyewe waliiacha lugha yao. Hawakulazimishwa. Wanaojua zaidi thamani ya kitu ni wenye kitu. Na kama wenyewe waliona haina thamani, sisi ni nani hata tuihurumie?" Hoja hii ina nguvu, nami sipendi kuipita kando kama mtu apitaye jirani mdai wake. Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Lakini ni nani atakayesimama mbele ya baba aliyetaka binti yake aolewe kwa heshima, na mwanawe apate maziwa ya kunywa, amwambie kuwa amekuwa mtumwa? Hakuna mwenye haki ya kumtaka mtoto wa mwingine alale na njaa ili lugha iendelee kuishi. Lugha ni chombo cha wanadamu. Wanadamu si chombo cha lugha. Kwa hiyo mimi siwalaumu wazee wa Mukogodo, wala nisingependa wewe uwalaumu.

Lakini tazama vizuri kilichoamuliwa. Waliamua juu ya riziki, na waliamua juu ya heshima. Juu ya riziki huenda walikuwa na haki kabisa. Juu ya heshima, hukumu haikutoka kwao. Ilitoka kwa wale waliowaita maskini, nao wakaipokea. Mtu akiuza shamba lake kwa sababu ameambiwa uongo kwamba udongo wake ni mbovu, hatuwezi kusema kuwa ameuza kwa hiari kamili. Kiyaaku kilikuwa na maneno ya kuutaja msitu, nyuki na asali kwa uangalifu ambao mchungaji hakuuhitaji. Haikuwa lugha maskini. Ilikuwa lugha tajiri ya watu walioitwa maskini. Yako mambo mawili hapa, na dunia haichoki kuyachanganya.

Ushahidi wa utajiri huo haukufutika wote. Mtaalamu wa lugha Bernd Heine, kutoka Ujerumani, aliwasikiliza waliokuwa bado wanaikumbuka lugha hiyo, na maelezo yake yakachapishwa katikati ya miaka ya 1970. Mtaalamu mwingine, Matthias Brenzinger, katika makala iliyotolewa mwaka 1992, alionyesha kuwa maneno ya Kiyaaku yalisalia ndani ya Kimaasai cha Mukogodo, hasa yale ya maisha ya zamani ya msituni. Jambo hili ni la ajabu na la kufundisha. Watu walihama katika nyumba yao ya maneno, lakini walipofika katika nyumba mpya walikuta baadhi ya vyombo havimo, ikawabidi warudi kuchukua vyao vya zamani. Mgeni hakuwa na neno, kwa kuwa hakuwa na jambo lenyewe.

Tena katika mwaka 2005 likatokea jambo ambalo wazee wa miaka ya 1930 wasingeliweza kulitabiri. Wayaaku wenyewe walikuwa wameunda kamati, na kamati hiyo ikawaalika wataalamu kutoka Uholanzi, miongoni mwao Maarten Mous na Hans Stoks, waje Doldol wapime kama lugha yaweza kufufuliwa. Wataalamu walikuta watu watatu tu walioweza kuisema kwa ufasaha, na wawili kati yao walikuwa wakongwe sana. Matumaini ya kuirudisha yote yalikuwa madogo. Hata hivyo vijana walitaka wafundishwe maneno, salamu, majina ya vitu. Wajukuu walikuwa wakiomba kilekile ambacho babu zao walikitupa. Je, wajukuu hao walikuwa wajinga wa faida? Hawakutafuta kazi kwa Kiyaaku, maana walijua hakuna kazi ya Kiyaaku. Walitafuta kujua wao ni nani, na jambo hilo haliuzwi kwa fungu wala kwa kilo.

Ili tuone vizuri zaidi, natutoke kwetu kwa muda, tuvuke bahari mpaka Meksiko. Huko waliishi Waazteki, na lugha yao ilikuwa Kinahuatl. Tofauti na Wayaaku, wao walikuwa na dola kuu na mji mkuu, Tenochtitlan, ambao Wahispania waliuteka mwaka 1521. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1536, watawa wa Kikatoliki walifungua chuo huko Tlatelolco, wakawafundisha vijana wa nchi hiyo kusoma na kuandika Kilatini, Kihispania na lugha yao wenyewe. Mtawa mmoja, Bernardino de Sahagún, alijifunza Kinahuatl kwa bidii ya miaka mingi. Aliketi na wazee, akawauliza habari za miungu yao, dawa zao, ndege wao, masoko yao na vita vyao. Na vijana wasomi waliotoka chuoni, kama Antonio Valeriano, wakaandika majibu. Kazi hiyo ikawa vitabu 12, kwa Kinahuatl na Kihispania, vyenye picha nyingi. Leo vimehifadhiwa katika mji wa Florence, Italia.

Mfano huu una pande mbili, na ni wajibu wetu kuzitazama zote. Sahagún hakujifunza Kinahuatl kwa upendo mtupu. Alitaka kuijua dini ya Waazteki ili aing'oe, kama tabibu ajifunzavyo ugonjwa. Kujua lugha ya mtu kwaweza kuwa ufunguo wa mgeni, na kwaweza pia kuwa ufunguo wa mwizi. Mlango haujui tofauti, ila moyo wa mshika ufunguo wajua. Lakini upande wa pili ni huu: kwa kuwa aliuliza kwa uangalifu, na kwa kuwa wenye lugha ndio walioshika kalamu, sauti ya watu walioshindwa haikuzimika. Mfalme wa Hispania, Philip wa Pili, aliamuru mwaka 1577 maandishi hayo yachukuliwe, na watu wasiandike tena habari za desturi za kale. Amri ilipita, maandishi yakabaki. Na Kinahuatl chenyewe hakikufa. Zaidi ya watu milioni moja na nusu wanakisema mpaka leo, na mwaka 2003 Meksiko ilitunga sheria ya kulinda haki za lugha zake za asili. Hata wewe unalo neno lake moja: tunda ambalo Watanzania huliita parachichi, na sisi wengi wa Kenya huliita avokado, limepata jina hilo la pili kutoka Kinahuatl, kwa kupitia Kihispania na Kiingereza. Limesafiri kutoka Meksiko hadi soko la Timau, na anayeliuza hajui kuwa anasema neno la Waazteki.

Basi nini kilichoiokoa lugha moja na kuipoteza nyingine? Wingi wa watu ulisaidia, hapana shaka. Watu wengi hawasahau upesi kama wachache. Lakini wingi peke yake si ngao, kwani lugha nyingi za watu wengi zimedhoofika kwa sababu watoto wao waliona haya kuzisema. Haya ndiyo ugonjwa wenyewe, na haya haichagui kabila kubwa wala dogo. Katika shule nyingi za Kenya, kwa miaka mingi, mtoto aliyekutwa akisema lugha ya mama yake alifungwa kibao shingoni, akakivaa mpaka amsikie mwenzake akikosa kosa lilelile, ampe yeye. Hivyo mtoto alifunzwa mambo mawili kwa siku moja: kuiona lugha yake kuwa aibu, na kumpeleleza rafiki yake. Sijui ni somo gani kati ya hayo lililo baya zaidi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 7, inaiagiza Serikali kukuza na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Lakini katiba haiwezi kuingia kinywani mwa mtu ikasema badala yake. Sheria yaweza kufungua mlango. Kuingia ni kwa miguu ya mtu mwenyewe.

Sasa naweza kukujibu. Mtu ajifunzaye lugha kubwa anamwambia mwenye lugha hiyo, "Nahitaji ulicho nacho." Jambo hilo ni jema, nami nakuhimiza ujifunze Kiswahili na Kiingereza kwa nguvu zako zote, wala usifiche uvivu wako nyuma ya maneno yangu. Lakini mtu ajifunzaye lugha ndogo, isiyo na soko, anasema neno zito zaidi. Anamwambia mzee ambaye dunia imempita, "Wewe wajua nisichokijua, nimekuja kukaa miguuni pako." Msomi anakuwa mwanafunzi, na yule aliyeitwa maskini anakuwa mwalimu. Kujifunza lugha ya mtu ni kukubali kusahihishwa naye. Hakuna dharau iwezayo kudumu katika hali hiyo, maana huwezi kumdharau mtu ambaye unangoja akuambie kama umesema sawa. Hii ndiyo faida ya lugha isiyo na soko: inaponya jicho la anayejifunza, na inarudisha heshima ya anayefundisha. Kama ilivyokuwa dharau ndiyo iliyoifukuza lugha, hivyo heshima pekee yaweza kuikaribisha tena, hata ikiwa itakuja na maneno mia tu.

Utasema, "Lakini kwa Kiyaaku tumechelewa." Kwa lugha yote, huenda tumechelewa. Kwa haki, hatujachelewa. Mtu akifa hatusemi kwamba hakuna haja tena ya kulitaja jina lake vizuri. Kadhalika, wako Wayaaku wengi walio hai, wenye shule zao, msitu wao na kumbukumbu zao. Kuliacha lile jina la dharau na kuwaita kwa jina lao wenyewe ni mwanzo ambao hauhitaji kitabu wala karo.

Tena usidhani kwamba nakutuma mbali. Anza nyumbani. Je, wewe Mmeru, waweza kutaja kwa lugha ya nyanya yako miti kumi iliyo kati ya nyumba yenu na mto? Waweza kutaja sehemu za mzinga, aina za mawingu, majina ya maradhi ya mbuzi? Ukishindwa, usijifariji kwa kusema kuwa unayajua kwa Kiingereza, kwa maana mengi huyajui hata kwa Kiingereza. Chukua daftari. Nenda kwa mzee kwa adabu, msalimu, omba ruhusa, ukae chini. Uliza neno moja, na uulize linatumika lini na kwa nani. Andika kama alivyosema, si kama unavyodhani ingefaa aseme. Ukimaliza, msomee ulichoandika, akusahihishe, maana maneno hayo ni yake kabla ya kuwa yako. Kisha ukiwa na jirani wa lugha nyingine, Mmaasai, Mturkana, Mborana au Myaaku, fanya vivyo hivyo kwake. Hapo utakuwa umeingia kwa ufunguo wa mgeni, si wa mwizi.

Wazee wa Mukogodo walipima mzinga na ng'ombe, wakachagua ng'ombe, na siku zile hawakuwa na nafasi ya kuchagua vyote viwili. Wewe unayo. Hakuna anayekutaka uache mtihani ili ushike lugha, wala uache lugha ili ushike mtihani. Kichwa cha kijana hakijai kama debe. Ukichagua kimoja tu na kukitupa kingine, usiseme kuwa ni umaskini uliokulazimisha. Jiulize kwanza ni nani aliyekufundisha kuona haya.